Msuko wa Kisa katika Michezo ya Mapenzi ya Kichina, na Masikio ya Ugogo

Buigiri ni mji mdogo wa Ugogo, katika Wilaya ya Chamwino, kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Morogoro na pwani. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa na kituo chao hapo tangu zamani, na mwaka 1950 kanisa likafungua shule ya watoto wasioona, ambayo ndiyo iliyolitangaza jina la Buigiri mahali pengi. Shule hiyo yafaa itajwe mwanzoni mwa makala haya kwa sababu moja. Mchezo wa televisheni ni kitu cha macho. Uso mzuri, nguo nzuri, nyumba ya ghorofa yenye kioo toka chini hata juu, vyote hivyo hupendeza, na mtazamaji aliyependezwa husamehe mengi. Lakini asiyeona hapewi hayo. Yeye hupewa maneno tu, na maneno hayo yasipofuatana, hana pa kujificha. Ataka kujua kwa nini binti huyu aliyemlilia kijana jana, leo amekataa hata kufungua mlango. Na asipojibiwa, amekwisha jibiwa.

Lalamiko lenyewe ni la kawaida, nalo husikika popote palipo na kisanduku cha matangazo ya kidijitali: kwamba michezo ya mapenzi ya Kichina huanza vizuri kisha hulegea; kwamba wapenzi hutenganishwa na jambo ambalo sentensi moja ingelimaliza; kwamba mtu hugongwa na gari kila mara mwenye kutunga aishiwapo na hila; na kwamba sehemu 40 zimepita, na watu wawili hao wamesimama pale pale waliposimama katika sehemu ya 6. Walimu na watu wenye elimu hulidharau lalamiko hili, wakisema kwamba mambo hayo ni ya wanawake na vijana, hayana uzito. Dharau hiyo si haki. Anayesema kwamba kisa hakina sababu ametoa hukumu ya fasihi, hata kama hajui kwamba ametoa, na hukumu ya namna hiyo ina historia yake. Watu wa nyanda za kati hawakuanza kusikiliza visa siku lilipowekwa dishi la StarTimes juu ya paa.

Kwanza ni ndoa yenyewe. Peter Rigby, aliyetoa mwaka 1969 kitabu juu ya ng'ombe na ukoo kwa Wagogo, aliandika kwa urefu jinsi mahari yanavyofungamanisha nyumba nyingi kwa mara moja. Ng'ombe hutoka kwa baba na kwa wajomba, na upande wa pili hugawanywa vile vile, kwa wa kuumeni na wa kikeni. Na ndoa ikivunjika, ng'ombe hao wana njia yao ya kurudi, na njia hiyo hupita katika maboma ya watu wengi. Basi, kwa mtu aliyelelewa katika desturi hiyo, kutengana kwa mume na mke si jambo la watu wawili kutoelewana jioni moja. Lina wadai, lina mashahidi, lina mjomba ambaye hapana budi aulizwe. Mchezo unaoonyesha wachumba wakivunja uchumba kwa sababu binti alimwona kijana amekumbatiana na mwanamke ambaye baadaye ajulikana kuwa ni dada yake, humwacha msikilizaji wa Ugogo na swali lisilo la mapenzi hata kidogo: je, wazee wako wapi? Si kwamba hakuielewa desturi ya Kichina. Ameona tu kwamba kisa hakina uzito wa kushika mahali kilipowekwa.

Pili ni sauti juu ya picha. Watu hudhani kwamba kutia maneno ya Kiswahili katika picha za kigeni ni jambo jipya, lakini lina umri wa miaka karibu 90. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la sinema ya elimu lililoongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham, makao yake yakiwa Vugiri katika Usambara (jina lisichanganywe na Buigiri). Gari lao lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini likionyesha picha fupi juu ya kodi, akiba ya posta, safura na mambo kama hayo, na maneno yaliwekwa katika sahani za santuri mbali na picha, ili picha moja ipate kusema lugha nyingi. Na pengine mtu alisema kwa kipaza sauti papo hapo. Visa vya picha hizo vilikuwa vyepesi mno: kijana mjinga na kijana mwerevu, na mwerevu akapata. Lakini desturi ilianzishwa, ya kwamba picha ni ya wageni na sauti ni ya nyumbani.

Desturi hiyo iliendelea katika mabanda ya video. Ilipofika zama za kanda, walizuka watu waliozifasiri picha za kigeni kwa Kiswahili, na aliyejulikana kupita wote alikuwa Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Kazi yake haikuwa kutafsiri kama ifanyavyo ofisi. Alisimulia. Pale ambapo picha ilinyamaza, yeye alisema. Pale ambapo mtu katika picha alifanya jambo lisiloeleweka, yeye alimpa sababu, na sababu hiyo ikawa ya Kiswahili, yenye deni, wivu, kiapo au jina la ukoo. Hata picha dhaifu ya mapigano kutoka Hong Kong ilipata kwake mama aliyedhulumiwa na mtoto anayelipa kisasi kwa zamu. Wataalamu waliomwandika, kama Matthias Krings, wamemweka katika historia ya mapokezi ya picha za kigeni. Lakini yafaa pia awekwe katika historia ya msuko. Alikuwa fundi wa kuziba. Kisa kilichotoboka kilipita mikononi mwake, na kilipomfikia mtazamaji kilikuwa kimekwisha tiwa kiraka.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni redio. Mwezi wa Julai 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza mchezo wa mfululizo uitwao Twende na Wakati, mara mbili kwa juma, nusu saa kila mara, kwa nia ya kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Nchi ilisikia, ila Dodoma. Kituo cha kurushia matangazo cha Dodoma kilipewa vipindi vingine katika saa hiyo, tangu 1993 hata 1995, kwa makusudi, ili wenyeji wa eneo lake wawe kipimo: wengine wasikie kisa na hawa wasisikie, kisha tofauti ihesabiwe. Wataalamu, akiwamo Everett Rogers wa Marekani, walitoa matokeo yao mwaka 1999, na ni miongoni mwa majaribio yatajwayo sana duniani juu ya nguvu ya mchezo wa redio. Waliosikia walibadilika katika matumizi ya uzazi wa mpango kuliko wasiosikia. Na Dodoma nayo ilipofunguliwa kisa mwaka 1995, ikafuata.

Jambo hili halijatazamwa vya kutosha kwa upande wa fasihi. Kwa miaka miwili, nyanda za kati zilinyimwa kisa ili ithibitishwe kwamba kisa chafanya kazi. Haidhaniwi kwamba waliopanga walikuwa na nia mbaya, na kila aliye na ujuzi wa takwimu ataona maana ya kufanya hivyo. Walakini ni heshima ya ajabu kwa msuko wa hadithi. Serikali na wafadhili walikubali kwamba mfululizo wa matukio ya kubuni, yakipangwa vema, una nguvu kiasi cha kuhitaji kuzuiwa mpakani kama dawa.

Na ni nini kilichoupa mchezo ule nguvu hiyo? Wengi husema ni mafundisho, lakini mafundisho hayo hayo yalikuwa katika mabango ya zahanati na hayakumkesha mtu. Nguvu ilikuwa katika sababu. Mkwaju ni dereva wa lori. Kwa kuwa ni dereva, hukaa mbali na nyumba. Kwa kuwa yu mbali, ana wanawake katika vituo vya njiani. Kwa kuwa ana wanawake, fedha hazifiki kwa Tunu, mkewe. Kwa kuwa hazifiki, Tunu hulazimika kujitafutia mwenyewe, na akiisha kujitafutia amekuwa mtu mwingine. Na Mkwaju, kwa ile ile njia iliyomlisha, hupatwa na virusi. Hakuna hata kiungo kimoja kilichokatika. Mtu wa Buigiri hakuhitaji kuelezwa lori ni nini, maana barabara ya malori yapita hapo hapo alipo. Hata wakosoaji waliouona mchezo ule kuwa wa kuhubiri mno (na kweli ulihubiri) hawakuweza kusema kwamba jambo fulani lilitokea bure.

Masikio yaliyozoezwa hivyo ndiyo yaliyokutana na China.

Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Zanzibar ilitangulia katika miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Bara ilingoja hata 1994, ITV ilipoanza. Kampuni ya StarTimes kutoka Beijing ilishirikiana na shirika la utangazaji la taifa, TBC, kuanzia 2010 kuleta matangazo ya kidijitali, na mitambo ya zamani ikazimwa kwa zamu, Dar es Salaam mwisho wa mwaka 2012 na Dodoma mapema mwaka 2013. Katikati ya mambo hayo, mwaka 2011, TBC ilionyesha mchezo wa Kichina wa sehemu 36 uliotiwa sauti za Kiswahili na Redio China Kimataifa, juu ya Mao Doudou na mama wakwe zake. Ulipendwa hata Rais Xi Jinping, alipohutubia Dar es Salaam tarehe 25 Machi 2013, aliutaja kuwa umewaonyesha Watanzania furaha na taabu za nyumba ya kawaida ya Kichina.

Mchezo wa Doudou ni wa ndoa zaidi kuliko wa uchumba, na kisa chake kimesimama imara. Doudou ni muuguzi. Aolewa na Yu Wei, mpiga picha, ambaye wazazi wake waliachana na baba akaoa tena. Kwa hiyo mke mmoja ana mama wakwe wawili, na wote wawili wapaswa heshima. Mtunzi akiisha kuweka hilo, hana haja ya gari la kugonga mtu. Kila sikukuu, kila zawadi, kila chakula cha jioni ni vita, kwa sababu kilichokwenda kwa huyu kimepungua kwa yule. Watu wa hapa walikitambua kisa hicho mara moja. Nyumba yenye mama wawili si jambo la kutafsiriwa Afrika Mashariki. Yafaa isemwe, kwa kupita, kwamba lugha yenyewe iliwasumbua watafsiri na pia ikawasaidia. Kichina kina neno lake kwa mama wa mume na neno jingine kwa mama wa mke. Kiswahili kina mkwe, nalo huenda na kurudi, kwani mama ni mkwe wa Doudou na Doudou ni mkwe wa mama. Neno mkaza mwana lingeliweza kutenganisha, lakini vijana wa mjini hawalitumii sana. Katika ugomvi wa jikoni, wanawake wawili kuitana kwa neno moja hutia utani ambao Kichina hakina.

Baada ya Doudou ikaja mingine, kwanza michache, kisha mingi. Mwezi wa Desemba 2015, katika mkutano wa Johannesburg, China iliahidi kupeleka televisheni ya setilaiti katika vijiji 10,000 vya Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopata. Mwaka 2016 StarTimes iliendesha mashindano ya kutafuta sauti za Kiswahili nchini, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi. Idhaa iliyohitaji saa moja kwa siku sasa ilihitaji saa nyingi, na saa hizo zilijazwa kwa michezo ya mapenzi ya vijana: tajiri kijana mwenye kampuni, mkali, asiyecheka, binti maskini mwenye moyo safi, rafiki mpole ampendaye binti kimya, mama wa tajiri asiyetaka. Hapo ndipo lalamiko lilipoanza.

Yafaa kisa kimoja kichukuliwe na kupimwa, na kilicho chepesi kupimwa ni kile cha binti maskini na vijana wanne matajiri, kwa kuwa kimechezwa katika nchi nyingi. Asili yake ni hadithi ya picha ya Kijapani ya Yoko Kamio, iliyoanza kutolewa 1992. Wajapani walipoifanya mchezo wa televisheni mwaka 2005 walitumia sehemu 9, kisha wakaongeza mfululizo wa pili. Wakorea mwaka 2009 walitumia sehemu 25. Wachina mwaka 2018, kwa jina la Meteor Garden, walitumia sehemu 49. Watu ni wale wale, mama mkali ni yule yule, penzi ni lile lile. Kilichoongezeka ni nini? Hakikuongezeka kisa, kiliongezeka kivuli chake. Wapenzi wapatana, watengana, wapatana. Rafiki apewa mapenzi yake ya pembeni. Safari yafanywa, chakula chapikwa, picha za nyuma zarudishwa na muziki juu yake ili mtazamaji akumbuke aliyoyaona juzi. Mtu atazamaye kwa macho huweza kupita hapo salama, maana vijana ni wazuri na London yapendeza. Asikilizaye hupita jangwani.

Tena katika kisa hicho, toka kwa Wajapani hata kwa Wakorea, mna hila moja ambayo huwaudhi watu kupita nyingine zote. Kijana, akiisha kushinda vizuizi vyote na kuwa tayari kumchagua binti mbele ya mama yake, aumizwa na kupoteza kumbukumbu. Na si kumbukumbu yote, bali ya binti huyo peke yake. Rafiki zake awakumbuka, kampuni aikumbuka. Yeye tu ndiye aliyefutika. Kosa la hila hii si kwamba haiwezekani. Hadithi za watu wote zina yasiyowezekana, na mtoto wa Kigogo ameambiwa habari za sungura na fisi wasemao bila kulalamika. Kosa ni kwamba lafuta madeni. Yote ambayo kijana alipaswa kuyalipa, maneno aliyoyasema, mama aliyemwasi, yamefutwa na pigo lisilotoka kwa mtu yeyote mwenye sababu ya kisa. Katika Twende na Wakati, aliyetenda alilipa. Hapa mtunzi amelipa kwa niaba yake, na msikilizaji aliyehesabu toka sehemu ya 1 ajiona ameibiwa.

Yawezekana mtu apinge, aseme: watu hawa hawa walipenda sinema za Kihindi, ambazo zimejaa ndugu waliopotea na bahati zisizo na kiasi. Pingamizi hilo lina nguvu na lastahili jibu. Awara ya Raj Kapoor, ya 1951, ilipendwa mno katika majumba ya sinema ya pwani na Zanzibar, na ndani yake jaji amhukumu kijana asiyejua kwamba ni mwanawe. Bahati kubwa kuliko hiyo haipatikani. Lakini itazamwe jinsi ilivyotoka. Jaji huyo mwenyewe alishika kanuni kwamba mtoto wa mwizi atakuwa mwizi. Kwa kanuni hiyo alimhukumu mtu asiye na hatia. Mtu huyo akawa jambazi, akamteka mkewe. Jaji akamfukuza mke kwa shaka. Mtoto akazaliwa mtaani, na jambazi akamlea awe mwizi ili kumthibitishia jaji ujinga wake. Kwa hiyo baba na mwana wakutanapo barazani, si bahati tena. Ni deni limeiva. Watu wa Zanzibar, au wa Dodoma, hawakuvumilia bahati katika sinema ya Kihindi; waliisikiliza sababu iliyokuwa chini yake.

Sasa kwa nini michezo hii ya Kichina huwa hivyo? Haifai kusema, kama wengine wasemavyo kwa haraka, kwamba Wachina hawajui mapenzi au hawajui kusimulia. Taifa lenye riwaya ndefu za karne nyingi halikosi wasimulizi. Tena watazamaji wa China wamelalamika kabla ya wa Tanzania, na wana jina kwa jambo hilo: huiita michezo iliyotiwa maji. Neno lenyewe limetoka kwa wachinjaji wadanganyifu waliotia maji katika nyama ili mizani ipande. Katika nchi ya wafugaji kama Ugogo, ambako maziwa yaliyochanganywa maji hayamfichiki mtu, jina hilo halihitaji maelezo.

Maji hayo yalitiwa kwa sababu ya biashara. Mchezo uliuzwa kwa hesabu ya sehemu; mwenye sehemu 60 alipata zaidi ya mwenye 30, hali gharama ya kuandaa nyumba, nguo na wachezaji haikuwa mara mbili. Wachezaji mashuhuri walipanda bei, na bei yao ikirefusha mchezo ilipata kufidiwa. Mnamo Agosti 2018 tovuti tatu kubwa za China na makampuni sita ya watengenezaji zilikubaliana kwamba mchezaji asilipwe zaidi ya yuan milioni 1 kwa sehemu, wala zaidi ya milioni 50 kwa mchezo mzima. Apendaye hesabu ataona kwamba kipimo hicho chenyewe kilifikiria michezo ya sehemu 50. Zaidi ya hayo, visa vingi vimetolewa katika riwaya za mtandaoni, ambazo tangu 2003 wasomaji wamekuwa wakizilipia kidogo kidogo kwa kadiri ya maandishi. Mwandishi alipwaye kwa urefu hawezi kulaumiwa sana akiandika kwa urefu; Alexandre Dumas wa Ufaransa naye alilipwa kwa mstari, na mazungumzo yake mafupi mafupi yenye kujaza mistari yana siri hiyo ndani yake. Tofauti ni kwamba Dumas alijua kufunga kisa.

Mwezi wa Februari 2020 idara ya China isimamiayo redio na televisheni ilitoa tangazo la kutaka michezo isizidi sehemu 40, na kuhimiza iwe chini ya 30. Ndani ya tangazo hilo mna sharti jingine ambalo halikusemwa sana nje: mwenye kutaka kutengeneza mchezo aahidi kwamba maandishi yake kwa jumla yamekwisha kamilika kabla ya kuandikishwa. Sharti la namna hiyo haliwekwi mahali ambapo kila mtu hukamilisha kwanza. Basi mtazamaji aliyeshuku kwamba mwenye kutunga hakujua mwisho alipoanza, hakuwa akishuku bure.

Nchini Tanzania mtu asicheke mno. Filamu za Bongo, zilipokuwa zikiuzwa kwa kanda na sahani katika miaka baada ya 2003, zilikuwa na tabia ya kukata kisa kimoja kuwa sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja ikiuzwa mbali, na katikati mtu akitembea toka mlangoni hata garini kwa dakika nzima. Maji ni maji, yawe ya Beijing au ya Kariakoo.

Lakini yako matokeo ambayo ni ya Kiswahili peke yake, na ndiyo yanayopasa kuwahusu wachunguzi wa lugha. Lufufu alipokuwa akisimulia, udhaifu wa kisa ulikuwa mali yake, na aliutengeneza. Waigizaji wa sauti walio Beijing hawana ruhusa hiyo. Wao wafuata maandishi, na maandishi hufuata midomo. Wanapotoa sauti nzuri, safi, sanifu, lalamiko lote la kisa huwaangukia wao, na husemwa kwamba Kiswahili chao ni cha baridi, au kwamba wasema kama waliosomewa. Mara nyingi Kiswahili hicho hakina kosa. Hakuna mtu awezaye kusema kwa moto, nisamehe, nilikuwa nimekusahau wewe tu, na akaaminiwa.

Tena midomo yenyewe huchangia. Mtafsiri hupewa muda ambao mchezaji wa Kichina alifungua kinywa, na hapana budi maneno yaingie humo. Mchina asema wo ai ni, silabi tatu, na Mswahili asema nakupenda, silabi nne. Hapo hapana taabu. Lakini Kiswahili hubeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, na sentensi ndefu ya maelezo hupita kinywa kilichokwisha fungwa. Lazima kitu kikatwe. Jina la mtu halikatiki, tendo halikatiki. Kinachoelekea kukatwa kwanza ni maneno madogo ya kuunganisha, ambayo kwa macho yaonekana hayana kazi, maana picha yaonyesha nani amefanya nini. Kwa Kichina, yinwei ni silabi mbili, na suoyi mbili. Kwa Kiswahili, kwa sababu ni nne, na kwa hiyo ni tatu. Kisa kilichokuwa na sababu chache tangu asili hufika Ugogo na chache zaidi, na anayeketi Buigiri akisikiliza bila kuona ndiye wa kwanza kuzikosa.